Umemuuliza Nani? Kutafuta Hitilafu za DNS kwenye Linux, Kutoka Njiro hadi Tengeru

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, yapata saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa mpigo dunia nzima. Kwa mji kama Arusha hilo si jambo dogo. Wageni wanaotua uwanja wa ndege wa KIA, madereva wanaopangiwa magari ya kesho, lodge zinazothibitisha vyumba, wote hupitia WhatsApp. Huduma zikizimika namna hiyo, wengi huzima ruta na kuiwasha, kisha hununua bando jingine wakidhani la kwanza limekwisha, kisha humpigia simu mtoa huduma na kumlaumu.

Jioni ile mtoa huduma hakuwa na kosa, na ruta nayo ilikuwa nzima. Mtu aliyekuwa na kompyuta ya Linux angeweza kuanza kulijua hilo kwa kuandika amri moja, `dig facebook.com`, na kusoma neno moja katika jibu: SERVFAIL. Maana yake ni kwamba seva ya DNS iliyoulizwa, yaani ile inayotafsiri majina kuwa anwani, ipo hai na imejibu, ila ilipokwenda kuwauliza wenye jina haikupata jibu la kuaminika. Na kama majina mengine yanajibiwa vizuri, basi waya unaotoka ofisini ni mzima, seva ya karibu ni nzima, na tatizo liko kwa mwenye jina, mbali kabisa na Sokoine Road. Baadaye wahandisi wa Facebook walieleza kilichotokea. Katika matengenezo, amri moja ilikata mtandao mkuu unaounganisha vituo vyao vya data. Seva zao za DNS zilipoona haziwezi tena kuvifikia vituo hivyo, zikaacha kutangaza njia za kuzifikia zenyewe. Majina yalipotea pamoja na njia, na ilichukua kama saa sita kuyarudisha.

Mkasa ule ulikuwa mkubwa kiasi cha kutangazwa kwenye redio. Mikasa midogo ya aina hiyo hutokea kila wiki katika ofisi za Njiro, Kijenge na Sakina, na mingi huishia kwenye kauli moja: "mtandao hakuna." Kauli hiyo inafunika maradhi mengi tofauti, na kila moja lina dawa yake. Zana za kuyatenganisha zipo tayari kwenye Linux, tena bure. Kazi iko katika kuzisoma, kwa sababu kila zana humuuliza mtu wake, na majibu mawili yanayopingana yanaweza yote kuwa ya kweli.

Kabla ya 1983, majina yote ya kompyuta za mtandao uliotangulia intaneti yalikaa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kikundi cha Elizabeth Feinler katika taasisi ya utafiti ya Stanford, California. Aliyetaka jina jipya alipeleka maombi kwao, na wengine walinakili faili upya. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa kuyagawa majina hayo katika mti, kila tawi likitunzwa na mwenyewe. Nyaraka za Novemba 1987 zilizoupa mfumo huo sura yake, RFC 1034 na RFC 1035, ndizo msingi hadi leo. Faili la zamani nalo halikufa. Mjukuu wake anaitwa `/etc/hosts`, anakaa kwenye kila kompyuta ya Linux, na mara nyingi ndiye anayeulizwa kwanza. Fundi anayemsahau atazunguka mchana kutwa.

Mti huo unaonekana vizuri ukiitazama Arusha yenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mjini hapo tarehe 30 Novemba 1999, inatumia eac.int. Tawi la .int hupewa mashirika yaliyoundwa kwa mkataba wa mataifa tu, huwezi kulinunua dukani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko african-court.org. Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, chini ya mteremko wa Meru, ni nm-aist.ac.tz. Chuo cha Uhasibu cha Njiro ni iaa.ac.tz. Hifadhi za Taifa, ambazo makao yake makuu yako Arusha, ni tanzaniaparks.go.tz. Kampuni za utalii nyingi ziko co.tz, na wenye malazi wana hata tawi lao, hotel.tz. Kwa miaka mingi matawi yote yanayoishia .tz yalisimamiwa na tzNIC, taasisi iliyoundwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na watoa huduma za intaneti nchini.

Amri ya `dig +trace www.nm-aist.ac.tz` huupanda mti huo hatua kwa hatua mbele ya macho yako. Inaanzia kwenye seva za mzizi, zenye majina 13 kuanzia a hadi m, inaelekezwa kwa .tz, na kutoka hapo inaelekezwa kwa wenye chuo. Ni amri nzuri ya kufundishia kuliko zote, na kila mwanafunzi wa mitandao angeianza siku ya kwanza. Ina tabia moja ya kukumbukwa: kwa jina unalolitafuta haipitii kache ya seva yako ya kawaida, inakwenda yenyewe kwa kila mhusika. Kwa hiyo `+trace` ikifika na `dig` ya kawaida ikashindwa, mgonjwa kwa kawaida ni seva yako ya DNS. Ikiwa kinyume, yaani ya kawaida inafika na `+trace` haifiki, huenda ofisi au mtoa huduma amefunga maswali ya DNS yasiyopitia kwake. Hilo si ubovu wa jina.

Sasa tuisome `dig` yenyewe kwa karibu. Watu wengi hukimbilia sehemu ya katikati, penye anwani ya IP, na kuacha mistari yenye habari. Mistari ya kutazamwa kwanza ni hii:

`;; ->>HEADER<<- opcode: QUERY, status: NXDOMAIN, id: 41877`
`;; Query time: 4 msec`
`;; SERVER: 192.168.88.1#53(192.168.88.1) (UDP)`

Anza na mstari wa mwisho, kwa sababu ndio unaotaja nani kajibu. Hapa ni 192.168.88.1, anwani ambayo ruta za MikroTik hutoka nayo kiwandani, na ruta hizo zimejaa katika ofisi zetu. Aliyejibu, basi, ni kiboksi kilicho ukutani, wala si Google au mtoa huduma. Muda wa milisekunde 4 unaelekea kuthibitisha hivyo, maana huenda jibu halikutoka hata nje ya jengo. Lodge iliyoko porini inayotumia setilaiti ya zamani, ile inayokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, haiwezi kupata jibu la nje kwa chini ya karibu nusu sekunde, hata mitambo iwe mizuri namna gani. Ukiona milisekunde 4 mahali kama hapo, jibu limetoka kwenye kache ya ndani, na huenda ni la jana.

Kisha tazama hali ya jibu. NOERROR ni salama, japo inaweza kuja bila jibu lolote, yaani jina lipo lakini halina aina ya rekodi uliyoulizia. NXDOMAIN ni tamko kwamba jina hilo halipo kabisa. REFUSED ni seva kukataa kukuhudumia wewe, pengine kwa sababu umeiuliza kutoka mtandao usio wake. SERVFAIL tumeshaiona. Na kuna hali ya tano isiyo na jina: kimya. Kimya huonekana kama "connection timed out; no servers could be reached", na matoleo mapya ya `dig` huongeza mstari wa "communications error". Aliyeuliza hapa hakujibiwa na yeyote. Tofauti ya kimya na NXDOMAIN ni kubwa, kwa kuwa mmoja hana wa kumuuliza na mwingine ameuliza akaambiwa hapana. Fundi anayewatibu wote wawili kwa kuwasha ruta upya anabahatisha.

Kuna kisa kinachowachosha mafundi kuliko vyote, nacho kinastahili nafasi hapa. Chukua ofisi ya utalii yenye kompyuta kadhaa za Debian na seva moja ya mahesabu. Fundi ameingiza jina la seva hiyo kwenye ruta: hesabu.local. Anaandika `dig hesabu.local`, anapata anwani sahihi mara moja. Anaandika `ping hesabu.local`, anaambiwa "Name or service not known". Kompyuta ile ile, jina lile lile, dakika ile ile. Hapo ndipo watu huanza kubadilisha nyaya.

Nyaya hazina kosa. `dig` ni zana ya kuuliza DNS peke yake. Inasoma `/etc/resolv.conf` ili ijue imuulize nani, inatuma swali, inaleta jibu, basi. Haijali `/etc/hosts` wala utaratibu mwingine wowote wa kompyuta. `ping`, kivinjari cha intaneti na programu nyingine nyingi hupitia mlango mwingine: maktaba ya C ya mfumo, ambayo husoma kwanza faili la `/etc/nsswitch.conf` ili ijue utaratibu wa kutafuta. Fungua faili hilo kwenye Debian au Ubuntu ya mezani na utakuta mstari wa namna hii:

`hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns`

Usome kutoka kushoto. Kwanza tafuta katika faili la hosts. Kisha, jina likiwa linaishia .local, litangaze kwa kompyuta za jirani zijitaje zenyewe. Zisipojitaja, rudi, usiendelee. Neno la mwisho, dns, halifikiwi kamwe kwa jina la hesabu.local, kwa sababu mwisho wa .local umetengwa kwa ajili ya utaratibu huo wa majirani. Ruta inalo jibu, `dig` imeliona, lakini `ping` imekatazwa kwenda kuliuliza.

Zana ya kuliona hilo ni `getent hosts hesabu.local`. Hii hupita mlango ule ule wa `ping`, kwa hiyo inakuonyesha kile programu za kawaida zinachokiona. Kanuni ya kazi ni rahisi: mtumiaji akilalamika, uliza kwa `getent` kwanza, kisha kwa `dig`. Zikitofautiana, usiende kwenye ruta wala kwa mtoa huduma. Tatizo liko ndani ya kompyuta, kati ya `nsswitch.conf` na `resolv.conf`. Dawa ya kisa chetu ni kuliacha jina la .local na kuchukua tawi la kikoa cha ofisi chenyewe. Wasio na kikoa wana home.arpa, iliyotengwa kwa mitandao ya nyumbani tangu 2018, au .internal, ambayo ICANN iliitenga kwa matumizi ya ndani mwezi Julai 2024.

Tukiwa kwenye `ping`, ujumbe wake mwingine unafaa kujulikana. "Temporary failure in name resolution" si sawa na "Name or service not known". Wa pili unasema msako umekamilika na jina halikupatikana. Wa kwanza unasema msako haukukamilika, mara nyingi kwa kuwa seva ya DNS haikujibu au imejibu kwa SERVFAIL. Ujumbe huo wa kwanza ndio unaoonekana redio ya intaneti iliyo juu ya paa ikipoteza shabaha baada ya upepo wa usiku.

Faili la `/etc/resolv.conf` nalo lina vituko vyake. Kwenye Ubuntu za miaka ya karibuni ndani yake hukuti anwani ya ruta wala ya mtoa huduma. Unakuta `nameserver 127.0.0.53`. Wengi wakiiona hudhani ni kirusi au makosa ya aliyetangulia, wakaifuta na kuandika 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google. Anwani hiyo ni ya kompyuta yenyewe: ni systemd-resolved, msaidizi anayepokea maswali yote na kuyapeleka kwa seva inayofaa kulingana na kiunganishi, iwe WiFi, waya au VPN. Faili lenyewe kwa kawaida ni kiungo tu kinachoelekeza kwingine, na `ls -l /etc/resolv.conf` itakuonyesha. Ukiandika juu yake, kazi yako inaweza kufutika kompyuta ikiwashwa tena, na kesho asubuhi unaitwa kwa tatizo lile lile. Ukitaka kujua 127.0.0.53 inampelekea nani maswali, andika `resolvectl status`. Ukitaka aisahau kache yake, `resolvectl flush-caches`. Na ukiambiwa "connection refused" na 127.0.0.53, msaidizi huyo amezimwa. `systemctl status systemd-resolved` itakueleza.

Pale ambapo faili linaandikwa kwa mkono, kuna alama moja ya ugonjwa ambayo fundi mzoefu huitambua bila kugusa kibodi. Kila ukurasa unachelewa sekunde tano hivi, kisha unafunguka vizuri kabisa. Maktaba ya C tuliyoitaja, glibc, husoma seva tatu za kwanza tu, huanza na ya kwanza, na isipojibu husubiri sekunde 5 kabla ya kwenda ya pili. Kwa hiyo intaneti inayositasita kwa sekunde tano tano si nzito. Seva ya kwanza kwenye orodha imekufa na ya pili inaibeba ofisi nzima. Thibitisha kwa kuiuliza kila moja kwa anwani yake: `dig @` ikifuatwa na anwani ya seva ya kwanza, kisha ya pili. Hapo utajua nani wa kufutwa, badala ya kununua kifurushi kikubwa zaidi.

Umeme wa kukatikakatika huleta hitilafu ambayo wachache huihusisha na DNS. Kwenye ubao mama wa kompyuta kuna betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Kompyuta za mtumba zinazofika shuleni mara nyingi zina betri iliyochoka. Umeme ukikatika, saa inarudi miaka nyuma. Sasa tuseme shule imeweka seva yake ya DNS, kwa mfano unbound, inayohakiki saini za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu halijachezewa. Saini hizo zina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Seva inayoamini iko miaka kadhaa nyuma huona kila saini haijaanza kutumika, na hujibu SERVFAIL kwa kila jina lililotiwa saini, kuanzia mzizi wenyewe. Shule nzima inakosa intaneti kwa sababu ya betri.

Kuna jaribio la kuikamata hali hiyo, nalo ni fupi. Uliza `dig nm-aist.ac.tz`, upate SERVFAIL. Uliza tena `dig +cd nm-aist.ac.tz`, ambapo `+cd` inaiambia seva isihakiki saini. Jibu likija la pili na halikuja la kwanza, uhakiki ndio uliogoma, na kitu cha kwanza cha kutazama ni `date`. Ugumu hujitokeza kwenye kurekebisha: kompyuta hutaka kusahihisha saa kwa kuwasiliana na seva ya muda, ambayo inaijua kwa jina, na jina halipatikani mpaka saa iwe sahihi. Kata mzunguko huo kwa mkono. Weka saa kwa `sudo date -s`, ama iandikie programu ya saa anwani ya IP badala ya jina. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zinazopendwa na walimu wa kompyuta kwa bei yake na kwa kula umeme kidogo, hadi toleo la 4 hazina kabisa saa inayojitunza. La 5 linayo, lakini betri yake unainunua peke yake. Anayejenga maktaba ya kidijitali shuleni aiweke gharama hiyo kwenye bajeti toka mwanzo.

Kuna siku zana yenyewe haipo. Unaandika `dig`, unajibiwa "command not found". Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake kinaitwa `bind9-dnsutils`, kwenye Fedora na Rocky ni `bind-utils`, kwenye Alpine ni `bind-tools`. Lakini kukishusha kunahitaji intaneti, na intaneti inahitaji majina, ambayo ndiyo yaliyokuleta. Hapo `getent` ni mkombozi, kwa kuwa huja pamoja na maktaba ya C kwenye usambazaji wa kawaida wa Linux. Ruta nyingi zenye OpenWrt zina `nslookup` ndogo ndani yake. Hiyo `nslookup` iliwahi kutangazwa na watengenezaji wa BIND, programu ya DNS ambayo `dig` ni sehemu yake, kuwa iko njiani kuondolewa, kisha wakabadili uamuzi, na inaendelea kufanya kazi. Wapo mafundi wanaoidharau. Kwa ukaguzi wa haraka inatosha. Fundi anayezunguka Usa River, Ngaramtoni na lodge za mbali afanye desturi ya kusakinisha zana zote tatu za kuulizia majina, `dig`, `host` na `nslookup`, siku anayoikabidhi mashine, mtandao ukiwa mzima.

WiFi za hoteli na migahawa zina ujanja wao. Baadhi hulishika kila swali la DNS linalopita na kulijibu zenyewe, hata kama wewe umeandika kwamba unamuuliza Google. Mstari wa SERVER utasema 8.8.8.8, na utakuwa unadanganywa. Ili kubaini, muulize asiyekuwepo: `dig @192.0.2.1 eac.int`. Anwani zinazoanza na 192.0.2 zimetengwa kwa mifano ya vitabuni tu, hakuna seva halali inayokaa huko. Matokeo ya haki ni kimya. Ukijibiwa, kuna mtu kati yako na dunia anayejibu kwa niaba ya wengine. Huenda ni ukurasa wa kuingiza namba ya chumba, jambo la kawaida. Huenda ni kitu cha kumuuliza mwenye hoteli. Kwa mhasibu anayetaka kuingia benki kupitia WiFi hiyo, ni habari ya maana sana.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 iliwapa mafundi wa Tanzania funzo la aina nyingine. Nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchini na katika nchi jirani. Siku kama hiyo swali la nani kajibu linageuka kuwa la kijiografia. Tovuti inaweza kuwa kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, na njia ya ndani ya mkongo wa taifa ikawa nzima. Lakini kompyuta ya Arusha ikiwa imeelekezwa kwa seva ya DNS iliyoko ng'ambo ya mahali palipokatika, tovuti hiyo ya nyumbani haitapatikana, kwa sababu tu anayeulizwa jina yuko mbali. Mwenzake anayetumia seva ya mtoa huduma aliyeko nchini anaweza kuendelea kupata majina yanayoishia .tz. Arusha ina sehemu yake ya watoa huduma kubadilishana mawasiliano ndani kwa ndani, AIXP, kama ilivyo Dar es Salaam. Faida ya sehemu hizo hupungua sana pale ambapo kila ofisi imefundishwa kuandika 8.8.8.8 bila kufikiri. Kuandika seva ya mtoa huduma kwanza na ya nje pili ni uamuzi mzuri zaidi kwa ofisi ya Arusha, alimradi ya kwanza imepimwa na inajibu.

Kitu cha mwisho kinachowatesa watu ni haraka. Kampuni imenunua jina jipya, fundi anaandika `dig` kila dakika kuona kama rekodi imeingia. Swali la kwanza, lililoulizwa kabla rekodi haijawekwa, linarudi NXDOMAIN, na seva inalihifadhi jibu hilo la "hapana" kwa muda aliouweka mwenye tawi husika, pengine saa nzima. Rekodi ikiingia dakika mbili baadaye, seva hiyo itaendelea kusema haipo. Tazama namba ya TTL kwenye jibu, yaani sekunde ambazo jibu litakaa kwenye kache: ikishuka kila unapouliza, 3600 kisha 3541 kisha 3498, unasomewa kache. Nenda ukamuulize mwenye jina moja kwa moja. `dig ns` ikifuatwa na kikoa itakutajia seva zake, kisha `dig @` seva hiyo. Jibu lake litakuwa na alama ya `aa` kwenye mstari wa flags, ishara kwamba limetoka kwa mwenye mamlaka. Likiwa sahihi, kazi yako imekwisha, na kilichobaki ni kusubiri kache zimalize muda wake.

Kwa hiyo, msomaji unayefanya kazi hii, siku nyingine kabla hujampigia mtoa huduma, kusanya vitu vinne: jibu la `getent` kwa jina linalolalamikiwa, jibu zima la `dig` kwa jina hilo pamoja na mstari wa SERVER na wa status, jibu la `dig` hiyo hiyo kwa seva nyingine moja, na `date` ya kompyuta. Vitume kwa maandishi, wala usipige picha skrini kwa simu, ili anayepokea aweze kunakili. Mhandisi wa zamu akivipata hivyo hahitaji kukuuliza kama umezima ruta na kuiwasha.